Andrei Markov, mwalimu wa hesabu aliyehesabu herufi 20.000 kwa mkono

Mtu anaandika ujumbe kwa telefone yake. Anaanza neno, na mbele ya kulimaliza, telefone inamletea neno zima. Akilikubali, telefone inampendekezea lingine la kufuata. Watu wengi wanafikiri kama telefone inajua luga. Lakini telefone haikuzaliwa na mama, na hakuna mtu aliyeifundisha kusema. Kitu inachofanya ni hesabu: kiisha neno hili, ni neno gani linafuataka mara mingi katika maandiko ambayo wenye kuitengeneza waliyakusanya?

Hii hesabu ina mwanzo wake, na mwanzo huo uko mbali sana na kompyuta. Ilifanyika katika mji wa Saint Petersburg, inchi ya Urusi, mwaka wa 1913, kwa karatasi na kalamu. Aliyeifanya alikuwa profesa wa hesabu mwenye miaka 56, mwenye mguu usiokuwa mzima, ambaye wenzake walimwita Andrei Mkali juu ya ugomvi wake usiokwisha. Jina lake ni Andrei Markov.

MTOTO WA MAGONGO

Andrei Andreevich Markov alizaliwa tarehe 14 Juni 1856 katika mji wa Ryazan, kusini-mashariki ya Moscow. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa idara ya misitu. Kiisha akapata kazi ya kusimamia mali ya mama mmoja tajiri, na jamaa yote ikahamia Saint Petersburg, ambao wakati ule ulikuwa mji mkuu wa Urusi.

Mtoto alikuwa na ugonjwa katika goti, kifua kikuu cha mifupa. Mpaka karibu miaka 10 alitembea kwa magongo. Waganga wakampasua, akaweza kuacha magongo, lakini alibaki anachechemea.

Kwenye masomo hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Masomo mengi yalimchosha, na walimu walimlalamikia. Hesabu ndiyo ilimshika. Akiwa bado sekondari aliamini kama amevumbua njia mpya ya kutatua milinganyo fulani, akawaandikia wakubwa wa hesabu wa inchi. Ile njia haikuwa mpya, wengine waliijua mbele yake. Lakini kwa barua zile maprofesa wa chuo kikuu cha Saint Petersburg wakamjua, na hawakumsahau.

Aliingia katika chuo kikuu hicho mwaka wa 1874, akafundishwa na Pafnuty Chebyshev, mmoja wa wanahesabu wakubwa wa Urusi. Mwaka wa 1878 akamaliza na medali ya zahabu. Mwaka wa 1883 alioa Maria Valvatieva, binti ya yule mama tajiri ambaye baba yake alimtumikia. Walijuana tangu ujana, wakati Andrei alipokuwa anamsaidia msichana masomo ya hesabu. Mama hakukubali ndoa mpaka kijana alipokuwa na cheo cha kutosha.

Cheo kilikuja. Mwaka wa 1886 aliingia katika Akademia ya Sayansi ya Urusi, na mwaka wa 1896 akawa mwanachama kamili.

ANDREI MKALI

Cheo hakikumfunga mdomo. Mwaka wa 1902 Akademia ilimchagua mwandishi Maksim Gorky kuwa mwanachama wa heshima. Mfalme Nikolai wa Pili alikataa, sababu Gorky alikuwa anachunguzwa na polisi, na uchaguzi ukafutwa. Wenzake wengi walinyamaza. Markov aliandika kupinga. Mwaka wa 1908, wakati wanafunzi walipokuwa wanaleta vurugu katika vyuo vikuu, serikali ilitaka maprofesa wawachunge wanafunzi wao. Markov akakataa: yeye ni mwalimu, hakuajiriwa kuwa polisi.

Mwaka wa 1912 alifanya jambo lililoshangaza inchi nzima. Kanisa la Orthodoksi lilikuwa limekwisha kumtenga mwandishi Lev Tolstoy miaka 11 mbele. Markov aliandikia Sinodi Takatifu kuomba yeye pia atengwe. Kanisa lilituma padri kuzungumza naye ili abadilishe mawazo, lakini hakubadilika.

Mwaka uliofuata, 1913, Urusi yote iliambiwa kushangilia miaka 300 ya jamaa ya Romanov katika ufalme. Markov akatayarisha sikukuu yake mwenyewe: miaka 200 tangu kutokea kwa kitabu cha Jacob Bernoulli, Mswisi aliyeonyesha kwanza ile sheria inayoitwa sheria ya hesabu kubwa.

UGOMVI NA PROFESA WA MOSCOW

Sheria ya hesabu kubwa si ngumu kuielewa. Ukirusha sarafu mara 10, inaweza kuonyesha upande wa kichwa mara 7 au mara 3. Ukirusha mara 10.000, kichwa kitakaribia nusu. Namna unavyozidi kurudilia, ndivyo bahati inavyozidi kutulia.

Moscow kulikuwa profesa mmoja jina lake Pavel Nekrasov. Huyu alisoma masomo ya dini mbele ya kusoma hesabu. Alisema kama ile sheria inafanya kazi tu pale ambapo matukio hayategemeani, sawa vile kurusha sarafu: mrusho wa leo haujui mrusho wa jana. Kiisha akaenda mbali zaidi. Takwimu za ndoa na za makosa zinatulia mwaka kwa mwaka. Basi, kwa mawazo yake, matendo ya watu hayategemeani, na hiyo ni alama kama mwanadamu ana hiari huru.

Markov aliposoma maneno hayo hasira ilimpanda. Kwake ilikuwa vibaya kuchanganya hesabu na mambo ya imani. Lakini matusi hayavunji hoja. Ilibidi aonyeshe kwa hesabu kama Nekrasov amekosa. Mwaka wa 1906 akatoa maandiko yanayoonyesha kama sheria ya hesabu kubwa inaweza kufanya kazi hata pale tukio moja linapotegemea lile lililotangulia. Matukio yanashikana sawa viungo vya mnyororo. Ndiyo sababu mpaka leo wanahesabu wanasema minyororo ya Markov.

Mfano ni mvua. Ikiwa leo imenyesha, ni rahisi zaidi kesho inyeshe tena kuliko kama leo jua limewaka. Siku zinategemeana. Hata hivyo, ukihesabu siku za miaka mingi, sehemu ya siku za mvua inatulia mahali pamoja.

Hesabu ilikuwa tayari. Kilichobaki ni mfano wa kweli, kitu ambacho kila mtu anaweza kukihakikisha mwenyewe. Markov akautafuta katika luga.

HERUFI 20.000

Alichukua kitabu ambacho kila Mrusi aliyesoma anakijua: Evgeny Onegin, hadisi ndefu ya mashairi ya Aleksandr Pushkin. Huyu Pushkin, ambaye Warusi wanamheshimu kuliko washairi wao wote, alikuwa na damu ya Afrika: babu ya mama yake, Abram Gannibal, alichukuliwa Afrika akiwa mtoto na kupelekwa kwa mfalme Petro Mkuu.

Markov hakutafuta utamu wa mashairi. Alitoa nafasi zote kati ya maneno, akatoa vituo na vikomo, akatoa pia herufi mbili za Kirusi zisizokuwa na sauti yake. Kilichobaki akakiandika herufi kwa herufi, mstari mmoja usiokatika, mpaka zikafika herufi 20.000. Ilikuwa sura ya kwanza yote na sehemu ya sura ya pili. Zile herufi akazipanga katika vibao vya mistari 10 na safu 10, yaani herufi 100 kwa kibao kimoja. Vibao vikawa 200. Kiisha akaanza kuhesabu irabu na konsonanti, na kuangalia ni nini inafuata nini.

Irabu alizipata 8.638, na konsonanti 11.362. Ni kusema kama katika herufi 100, karibu 43 ni irabu.

Sasa, kama herufi zisingetegemeana, irabu mbili zingefuatana karibu mara 3.700 katika ile mistari yote. Markov alizikuta mara 1.104 tu. Kiisha irabu, nafasi ya kukuta irabu nyingine ilikuwa karibu 13 kwa 100. Kiisha konsonanti, nafasi ya kukuta irabu ilipanda mpaka 66 kwa 100. Kila herufi ilikuwa inategemea ile ya mbele yake, na hata hivyo jumla ilitulia vizuri katika vibao vyote. Nekrasov alikuwa amekosa, na ushahidi ulikuwa ndani ya kitabu kilichokuwa katika nyumba ya kila Mrusi aliyesoma.

Mwenye kusema Kiswahili anaweza kuona jambo hilo bila karatasi. Ukiandika herufi b, inayofuata karibu kila mara ni irabu: ba, be, bi, bo, bu. Na neno la Kiswahili linaisha karibu siku zote na irabu. Masikio yanajua hii sheria tangu utoto. Kitu Markov alicholeta ni kuipima.

Alisoma kazi hiyo mbele ya Akademia tarehe 23 Januari 1913, kwa kalenda ya zamani ya Urusi. Baadaye alihesabu tena, safari hii herufi 100.000 kutoka kitabu cha Sergei Aksakov, mwandishi mwingine wa Urusi. Zote kwa mkono, na macho yake yalikuwa yanaanza kuwa mabovu.

KUHESABU KIDOGO NI KUJIDANGANYA

Mwaka wa 1915 mtu mwingine aliingia katika kazi ya kuhesabu luga. Nikolai Morozov alikuwa mpinzani wa mfalme aliyefungwa zaidi ya miaka 20, na humo gerezani alijifundisha luga na sayansi nyingi. Yeye alisema kama kila mwandishi ana alama yake inayoonekana katika maneno madogo: sawa vile na, katika, si. Alichukua vipande vifupi vya waandishi wakubwa wa Urusi, akahesabu maneno hayo madogo, akachora picha za kuonyesha tofauti. Kwa njia hii alitumaini kujua maandiko fulani ni ya nani kweli.

Wazo lilikuwa zuri, na mpaka leo linatumika. Lakini Markov alijibu mwaka wa 1916, na jibu lake lilikuwa kali sawa kawaida. Vipande vile ni vifupi mno. Mwandishi mmoja peke yake, ukichukua kipande kimoja na kiisha kipande kingine cha kitabu chake kilekile, hesabu zinaweza kutofautiana sana. Basi tofauti kati ya waandishi wawili inaweza kuwa bahati tu. Ili mtu aseme jambo la hakika juu ya luga, anahitaji kuhesabu mingi zaidi: maelfu na maelfu ya maneno, na kuangalia kwanza kama hesabu zenyewe zinatulia.

Lakini ni nani angeweza kuhesabu maneno milioni moja kwa mkono? Markov alijua kitu kinachotakiwa, na chombo cha kukifanya hakikuwepo bado.

MWALIMU BILA MSHAHARA

Mwaka wa 1917 mfalme alianguka. Mwezi wa Septemba Markov aliomba ruhusa ya kuondoka katika mji mkuu, akaenda na jamaa yake Zaraisk, mji mdogo wa bara. Pale akafundisha hesabu katika sekondari, na hakupokea mshahara. Profesa wa Akademia, mwenye miaka 61, akasimama mbele ya watoto wa mji mdogo bila kulipwa. Walimu wengi wa Kongo wanajua hayo maisha ni nini.

Kiisha alirudi mjini, ambao sasa uliitwa Petrograd, kwa kupasuliwa macho juu ya ugonjwa wa glakoma. Mji ulikuwa na njaa na baridi. Aliendelea kufundisha chuo kikuu hata pale miguu ilipokuwa karibu kushindwa kumbeba. Mwaka wa 1921 aliwajulisha wenzake wa Akademia kama hawezi kuja katika mikutano, sababu hana viatu. Wakamtafutia viatu, vikafika. Markov akawaandikia tena kuwaeleza kama viatu vimeshonwa vibaya na havimtoshi, basi hali ni ileile, hawezi kuja.

Alifariki tarehe 20 Julai 1922, akiwa na miaka 66. Mtoto wake, ambaye naye aliitwa Andrei, alikuwa na miaka 18. Baadaye akawa mwanahesabu mkubwa sawa baba yake.

KOMPYUTA ZILIPOKUJA

Mwaka wa 1948, miaka 26 kiisha kifo chake, Mmarekani Claude Shannon alitoa maandiko juu ya namna ya kupitisha habari kwa simu na kwa telegrafu. Ndani yake alichukua minyororo ya Markov na kuitumia kwa Kiingereza. Alionyesha kama ukijua ni herufi gani inafuataka nyingine, au neno gani linafuataka lingine, mashine inaweza kutoa mistari inayofanana kidogo kidogo na luga ya kweli.

Kiisha mashine zikapata nguvu ya kuhesabu. Mwaka wa 1964 W. Nelson Francis na Henry Kučera, wa chuo kikuu cha Brown huko Marekani, walimaliza mkusanyo wa maandiko 500 ya Kiingereza, kila kimoja cha maneno karibu 2.000, yote yaliyochapwa mwaka wa 1961. Jumla ikawa maneno milioni moja ndani ya kompyuta. Walichagua magazeti, vitabu vya dini, hadisi, maandiko ya sayansi, ili upande mmoja usimeze mwingine. Mwaka wa 1994 Uingereza ikamaliza mkusanyo wa maneno milioni 100, na katika hayo milioni 10 yalikuwa maneno ya mdomo: watu wakizungumza nyumbani, kazini, katika redio.

Kwa mikusanyo hii, mwenye kutengeneza kamusi hakai tena mezani akikumbuka luga kwa kichwa. Anaandika neno moja, na kompyuta inamwekea mbele mistari yote ambamo neno hilo linapatikana, mmoja chini ya mwingine. Anaona linatembea na maneno gani, lina maana ngapi, na maana gani inatumika zaidi. Mara mingi anakuta kama kitu alichofundishwa masomoni si kitu watu wanachosema.

Minyororo ya Markov ikaingia pia katika mashine za kusikia sauti na kuigeuza maandiko, tangu miaka ya 1970. Na zile programu za leo zinazojibu maswali na kuandika barua zimejengwa juu ya swali lilelile la mwaka wa 1913: kiisha hiki, ni nini inafuata? Njia zake ni ngumu zaidi, na maandiko yake ni mengi kupita ambavyo Markov angeweza kufikiri.

NA KISWAHILI CHA KONGO?

Kiswahili nacho kina mkusanyo wake. Ulitengenezwa katika chuo kikuu cha Helsinki, inchi ya Finland, na una maneno karibu milioni 25. Maandiko yake mengi ni ya Kiswahili sanifu kutoka Tanzania: magazeti, vitabu, mazungumzo ya Bunge. Ni kazi kubwa, na imesaidia sana wenye kusoma luga hii.

Lakini tukirudilia jibu la Markov kwa Morozov, shida inaonekana wazi. Kipande cha upande mmoja hakiwezi kusema juu ya luga nzima. Kiswahili ni moja ya luga nne za taifa katika Kongo, pamoja na Lingala, Kikongo na Tshiluba. Kinasemwa Bukavu, Goma, Kisangani, Kalemie, Lubumbashi, na kila mahali kina namna yake. Mtu wa hapa anasema inchi, anasema mutoto, anasema wanafanyaka. Mashine iliyohesabu maandiko ya Dodoma na Dar es Salaam peke yake itaona maneno hayo ni makosa, na itayasahihisha. Mwenye kuandika atazani yeye ndiye hajui luga, kumbe ni mashine ambayo haijawahi kusikia watu wa kwao.

Leo shida si kuhesabu tena, kompyuta inahesabu mamilioni kwa sekunde. Shida ni maandiko yenyewe. Markov alikuwa na Evgeny Onegin mezani. Kiswahili cha Kongo kinapita zaidi kwa mdomo: sokoni, kanisani, barazani, katika redio za jamii zinazotangaza kila siku. Sauti inapita hewani, na kesho yake haipo tena. Mbele ya mtu kujaza vile vibao vya herufi 100, inabidi kwanza mwingine awe ameandika.